Mtumbwi Wangu Unazunguka Tangu Umm Hasna Aondoke

Mpendwa Bibi Mshauri wa redio yetu ya Nasiriya, kabla hujanihurumia jua kwanza anayekuandikia ni nani, maana kutoka Chibayish mpaka pale mto unapojificha matetini hakuna asiyenijua, mimi ndiye Abu Hasna, bingwa wa upondo, niliyewahi kumtoboa nguruwe pori mkubwa kama ndama kwa pigo moja na chai yangu isimwagike mtumbwini, na filamu zangu za safari za vijito, ninazopiga kwa simu niliyoifunga kwenye pua ya mtumbwi, zinatazamwa na watu wetu walioko Basra, Baghdad, hata Uswidi kwenye theluji, wananiandikia, "Ami, umetutoa machozi kwa maji ya nyumbani," na mimi nawajibu, "Lieni tu wanangu, ami yenu yupo."

Sasa ni siku arobaini sijapiga filamu. Mke wangu alikwenda huko Nasiriya kwa binti yetu Hasna aliyejifungua, akasema wiki moja, na sasa mtoto ameshaanza kucheka na yeye hajarudi, nikipiga simu anapokea Hasna, "Baba, mama anakanda unga," asubuhi anakanda, jioni anakanda, Bibi, huo ni mkate gani, au wanalisha jeshi?

Chanzo ni neno dogo. Tulikuwa tunakula malai ya nyati na mkate wa mchele, nikamwonyesha filamu ya kumi na saba, akaitazama mpaka mwisho, akauliza, "Na mimi niko wapi?" Nikamwambia, "We mwanamke, unataka wanaume wa Baghdad wakutazame?" Akasema, "Uso wangu siwapi. Wewe sema tu, nyuma yupo Umm Hasna. Unashindwa?" Nikacheka, nikamwambia mtumbwi hausukumwi na majina. Akajifuta mikono. "Haya bingwa, usukume." Kesho yake akapanda gari.

Hapo najua utauliza nyuma anafanya nini. Mtumbwi wetu ni mrefu, mbele nasimama mimi na upondo wangu, naimba, naonyesha ndege, na nyuma anasimama yeye na upondo wake, maana tangu utoto wake alikuwa akienda kukata majani ya nyati na mikono yake inalijua tope la kila kijito. Kifua changu ni kipana kama mlango, simu haimwoni. Sauti yake naikata, kwani mtu atakuwaje bingwa huku nyuma yake anaambiwa, "Kushoto, wewe! Kushoto! Macho umeyaacha wapi?"

Juzi nilijaribu peke yangu, kwenye kile kijito nilikompitisha siku ya harusi yetu. Mtumbwi ukazunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala, upondo ukanasa topeni, mimi nikabaki nimeukumbatia na mtumbwi ukaenda zake, na dada yangu Fadhila akiwa pale pale na nyati wake akapiga kelele, "Bingwa wa dunia! Leo unatufundisha kuogelea?"

Maji yanashuka, Bibi. Ukifika mwezi wa saba kijito kile kitakuwa tope lililopasuka, na mimi nataka tukipite naye mara moja tu kabla hakijakauka. Wapo wanaosema ninunue injini, lakini nilipanda mtumbwi wa injini wa jirani na sikusikia hata tete moja likigusa ubavu. Wapo wanaosema nitume wazee kwa kaka zake, lakini unajua mwenyewe, wazee hawagusi kahawa mpaka ombi likubaliwe, na wenyeji hawakubali mpaka walisikie kosa, na kosa lenyewe wazee nitawaambia kwa mdomo gani? Nifanyeje?

Na hili la mwisho, ukitaka liruke, ukitaka lisome, nimechoka: vile vipande vya sauti nilivyokata sikuvifuta. Kila alfajiri naingia zizini, nainama kati ya nyati nisionekane, navisikiliza. "Kushoto, wewe!" Jana nilijikuta nimesogea kushoto.

*

Abu Hasna,

La mwisho nimelisoma, kwa kuwa ndilo pekee katika barua yako lisilo na nguruwe.

Pole. Mwanaume anayejificha zizini kusikiliza akifokewa amemkumbuka mkewe kweli, na hilo silifanyii mzaha. Lakini mila zetu usizisingizie. Mila inakuzuia kutaja jina la mkeo mbele ya wanaume, sawa. Yeye hakukuomba jina lake. Alikuomba useme Umm Hasna, yaani mama wa Hasna tu, neno ambalo hata muuza samaki analiita mlangoni kwako. Wewe hukuogopa wanaume wa Baghdad wamwone. Uliogopa wajue ni nani anayeujua mto.

Injini usinunue. Wazee usiwatume, kwa maana utakuwa umewabebesha wao kazi ya kukiri, na kazi hiyo ni yako. Vile vipande vya sauti usivirushe hadharani eti umshangaze. Sauti ni yake, ataamua yeye.

Jumamosi panda gari la asubuhi. Beba malai, mzazi anahitaji. Ukiambiwa mama anakanda unga, kaa ungoje mpaka aumalize. Akikataa kurudi, lala kwa mkweo, umwombe tena asubuhi. Akikataa tena, ni haki yake, urudi bila kumlaumu na bila kumsema kwa Fadhila. Lakini kabla ya ombi lolote simama mbele yake, Hasna na mumewe wasikie, useme: "Aliyekuwa akiusukuma mtumbwi ni Umm Hasna. Mimi peke yangu siwezi."

Kisha nyamaza. Najua maneno yatakuwasha mdomoni. Nyamaza hivyo hivyo.