Ombi Limefika Mezani Kwangu

Dada yangu,

Mimi mzima, ofisi ndiyo mgonjwa. Aliletwa mtaalamu wa taratibu za kazi, akachora mishale ukuta mzima: kila ombi lianzie wapi, lipite kwa nani, liishie wapi. Tusimnyime haki yake, karatasi tulizokuwa tukizisubiri hadi tunazisahau, sasa zinafika siku hiyohiyo. Ila mpika chai akitaka sukari, lazima mhasibu, mtu wa stoo na mkuu wa ulinzi wakubali kwanza. Chai tunainywa hivyohivyo.

Ombi langu la likizo, nije kumwona mama, nalo likafuata mishale. Karani akalipitisha, likapanda kwa meneja. Meneja yuko safarini, na anayemkaimu ni mimi. Basi likatua mezani kwangu, limenitumbulia macho, linaniuliza kama huyu bwana aruhusiwe.

Najua mama ameshashonesha gauni la kuvaa siku ya harusi yangu. Mchumba mwenyewe aliniacha mwezi uliopita. Wewe ndiye wa kwanza kujua.

Mwambie mama wakubwa bado wanalifikiria.

Mdogo wako,
Kaimu Meneja