Kibuyu cha Moto

Marahaba, mjukuu wangu Telesia. Hapa Kiberege tu wazima, na mpunga wa mama yako umetoa masuke.

Umeniuliza uwaandalie nini watoto wa mbwa wanaougua. Tafuta kikapu, matambara makavu, kibuyu cha maji moto, maziwa ya mbuzi na pamba ya kuyadondoshea. Joto kwanza, maziwa baadaye. Aliyepoa hawezi kumeza.

Nilijifunza wakati wa Maji Maji, nikiwa binti. Tulikimbilia kwenye matete ya mtoni na mbuzi wetu. Bibi yangu alikataa kukimbia, akabaki jikoni kwake. Kule kwenye matete mbwa wetu alizaa, akafa. Mama alikataza moto, askari wa Mjerumani wasione moshi, basi watoto nikawafunika kaniki tu.

Asubuhi nilikuta kibuyu changu cha maji kimelazwa katikati yao, cha moto.

“Mama, nani kafanya hivi?”

Mama alikigusa, akayatazama matete. Hata ndege hawakulia.

“Usimwite,” alisema. “Wape maziwa kabla hakijapoa.”

Ikawa hivyo kila asubuhi, mpaka tuliporudi. Bibi tulimkuta amekufa siku nyingi. Mafiga yake yalikuwa bado ya moto.

Kwa hiyo viandae vitu hivyo, mjukuu wangu. Ukiamka ukakuta kibuyu kina joto kuliko ulivyokiacha, usiogope. Msalimie, uwape maziwa.

Bibi yako