Samaki Aliyeona Baridi Kangeta

Kangeta, Meru

Mama Dama, mke wangu,

Kabla ya yote niambie, umeamkaje? Mvua imefika huko Ganze, au bado mnaangalia mawingu yakipita kwenda kwa wengine? Mbuzi wa mama wamepona kikohozi? Na Dama, upele wa kichwani umeisha? Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo, na mikono ambayo imepasuka kwa chumvi. Ndiyo, chumvi, huku mlimani. Soma polepole, nitakueleza.

Barua yako aliniletea Muthomi, dereva wa gari la miraa. Nimeisoma hata karatasi imelainika kama kitambaa. Uliniuliza jambo moja tu: kwa nini kila mara nasema ninakuja, na siji. Ukasema Dama ameanza kutembea, na anamwita baba kila mwanamume anayepita na baiskeli. Hilo limenikaa kifuani. Basi leo nakujibu ukweli wote, hata kama utacheka. Kilichonizuia ni samaki.

Mwiti, tajiri wangu, nilishakuandikia habari zake: mtu wa miraa, mwenye moyo mzuri na haraka nyingi. Mama yake ni mzee sana, miguu imemkataa, hushinda sebuleni kwenye kiti cha dirishani. Maisha yake yote hajashuka kupita Meru mjini. Sasa Mwiti alikwenda Mombasa kuonana na wanunuzi, jino likamuuma, na kwa daktari wa meno akakuta sanduku la kioo lenye maji ya bahari na samaki wa rangi wakiogelea ndani. Alisahau jino. Akarudi akasema, "Mama yangu hawezi kwenda baharini. Basi bahari itakuja kwake."

Nami nikaitwa.

"Kahindi, wewe ni mtu ya Mombasa. Hii kazi ni yako."

"Tajiri, mimi ni mtu wa Ganze. Kwetu ni mbuzi na makaa. Bahari nimeiona nikipita tu."

"Ganze iko Pwani ama haiko Pwani?"

"Iko."

"Basi."

Wewe wajua, kwetu hata maji ya kunywa tunayafuata kwa punda. Lakini kwa watu wa huku, aliyezaliwa Pwani amezaliwa na mapezi. Mwiti akaniahidi kwamba samaki wakishatulia nitapanda gari lake nije nyumbani nikae mpaka nichoke mwenyewe. Nilifurahi sana. Nilidhani samaki hutulia kama kuku, ukiwafungia bandani siku mbili tatu wanajua ndiyo kwao.

Sanduku lilitengenezwa na fundi wa madirisha kutoka mjini, akaunganisha vioo kwa ule udongo laini wanaobandikia madirisha. Maji yakaja kwa mitungi. Gari hushuka limejaa miraa na hurudi tupu, sasa likawa linarudi na bahari. Tukajaza. Jumapili tukaenda kanisani, na tuliporudi sanduku lilikuwa limebaki nusu, na zulia jipya la Mama Kinya, mke wa Mwiti, lilikuwa limelowa. Nikalitoa nje nikalianika kwenye ua. Ng'ombe wa huku wana kiu ya chumvi ambayo sijaiona kwingine. Walisukuma lango, wakalizunguka lile zulia wakaanza kulilamba, taratibu, macho wamefumba, kama watu wanaokumbuka kitu.

"Kahindi! Bahari yako imeharibu kapeti, na sasa ng'ombe inakula kapeti!" Mama Kinya alipiga kelele kutoka jikoni. "Kesho utaniletea nini? Nyangumi?"

"Mama Kinya, si mimi niliyeileta."

"Si ni ya kwenu?"

Bibi mzee, dirishani, alicheka mpaka akashika mbavu. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akicheka.

Sanduku la pili halikuvuja. Tukaagiza samaki. Hapa nataka uelewe, mke wangu, watu hawa si wajinga. Mali yao yote ni kitu kinachotaka ubaridi. Miraa ikishachumwa hufungwa kwa majani mabichi ya mgomba, hunyunyiziwa maji, na gari hukimbia kama limeiba, ili ifike mbichi. Basi Muthomi alipokabidhiwa samaki Mombasa kwenye mifuko ya maji, aliwatunza kwa akili yote aliyorithi kwa baba yake. Aliwafunga kwa majani ya mgomba, akawanyunyizia maji ya baridi kila aliposimama, akainua turubai ili upepo upite. Akaingia Kangeta akipiga honi.

"Wamefika fresh, buda! Waangalie!"

Nikafungua majani. Walikuwa wamelala ubavu, baridi kama vijiko.

"Muthomi, hawa walikuwa wanataka joto."

"Joto?" Alinitazama kana kwamba nimemtukania mama. "Kitu gani inasafiri na joto, wewe? Mzigo ikipata joto si imekufa?"

Watatu walikuwa bado wanapumua. Tuliwatia sandukuni, na jioni ile nyumba nzima ilikaa kuwatazama. Bibi alivutwa na kiti chake karibu. Alitoa kidole kimoja, akagusa kioo, na samaki mdogo wa buluu mwenye mkia wa manjano akaja kukinusa kile kidole. Bibi akamwita kaana, yaani mtoto mdogo kwa lugha yao. Tangu siku hiyo kiti hakikurudi dirishani.

Kwa hiyo nikapata kazi juu ya kazi. Asubuhi nabeba magunia, mchana napalilia, jioni mimi ni mlezi wa samaki. Kulikuwa na bomba la kioo lenye waya ndani, linapasha maji, na kimashine cha kusukuma hewa kinachonguruma kama paka. Siku moja wageni wa kanisa walikuja, na Mwiti akalichomoa lile bomba likiwa la moto awaonyeshe. Halafu akalirudisha majini. Likalia paa! Stima ikazimika nyumba nzima. Samaki mmoja akaelea.

"Lilikuwa linafanya kazi vizuri sana," Mwiti akawaambia wageni, ameshika waya.

Kabla bomba jingine halijafika tulipasha maji kwa chupa za soda. Nazijaza maji ya moto, nazifunga vizibo, naziacha zielee, zikipoa nazibadilisha. Nikaona pia maji yanapungua kila siku, nami nikawa naongeza ya bahari kutoka kwenye mtungi, maana niliona ndiyo haki yao. Vioo vikaota ukungu mweupe pembeni, na samaki wa pili akaacha kula. Muthomi ndiye aliyerudi na jibu kutoka dukani Mombasa, naye alilitoa kwa raha kubwa, maana alikuwa hajasahau habari ya majani ya mgomba: maji yanayokauka ni maji matupu, chumvi yote hubaki, mimi nilikuwa nawapikia achari. "Mtu wa Pwani," akasema, "hujui hata chumvi?" Yule samaki tulimzika kwenye shina la mgomba.

Akabaki wa buluu peke yake.

Halafu ukaja mgao wa stima. Asubuhi ipo, mchana haipo. Bomba jipya limefika lakini ni la nini bila stima? Kimashine cha hewa kikinyamaza, samaki hupanda juu na kufungua mdomo kama anayetaka kusema. Nikaenda Gakoromone, kule sokoni Meru, nikatafuta mpira mwembamba, nikaufunga kwenye pampu ya baiskeli. Basi mchana, wenzangu wakipumzika kivulini, mimi nakaa mbele ya sanduku napiga pampu, taratibu, na mapovu yanapanda.

Sasa nitakuambia kitu ambacho sijamwambia mtu. Huku kwenye vilima vya Nyambene ukungu huingia mpaka ndani ya nyumba. Unapokaa umechoka mbele ya kioo, napo nje ni kweupe, huoni mti wala ng'ombe, sijui ni usingizi au ni nini, yale maji huacha kuwa sandukuni. Huenea. Naona miraa imesimama chini ya bahari, matawi yakienda huku na huku. Naona ng'ombe wa Mwiti wakipita juu ya paa polepole, miguu haigusi kitu. Halafu naiona njia ya kwetu, ile nyekundu ya kwenda kisimani, nayo imo majini, na wewe unakuja umebeba ndoo kichwani, maji yako ndani ya maji, na Dama nyuma yako amekushika leso. Mkono wangu unaendelea kupiga pampu. Naogopa nikiacha mtazimika. Na bibi yuko kando yangu, naye anatazama, wala sijui yeye anaona nini. Kiswahili chake ni kidogo na Kimeru changu ni kidogo zaidi. Mimi na yeye tumekaa hivyo michana mingi, kwenye bahari ambayo hakuna kati yetu aliyeizoea.

Nilimuuliza Mwiti tena kuhusu ruhusa.

"Ametulia?" akauliza.

"Bado, tajiri. Kila kitu kinaharibika."

"Sasa ukienda, nani atampigia pampu?"

Nikarudi kwenye pampu. Ndiyo maana sikuja, Mama Dama. Mimi na yule samaki tulikuwa tumefungwa kamba moja. Akifa, nimeharibu furaha ya mama wa watu. Asipokufa, siendi popote.

Juma hili baridi imekuwa ya kukata masikio. Jana mchana hakuna stima, chupa za moto zinapoa kabla sijazibadilisha, na samaki amejificha pembeni nyuma ya jiwe, rangi imefifia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimejifunga gunia mabegani napiga pampu. Barua yako ilikuwa imedondoka mfukoni, iko juu ya goti. Bibi aliniangalia. Akaangalia karatasi.

"Hiyo ni ya nani?"

"Ya mke wangu, bibi."

"Iko na mtoto?"

"Yuko. Ameanza kutembea."

"Wewe umeona yeye akitembea?"

Nikatikisa kichwa. Akamwita mwanawe kwa sauti ambayo sikujua bado anayo. Mwiti alikuja mbio kutoka kwenye gari, mikono ina umande wa miraa. Bibi alimwambia kwanza kwa Kimeru, kisha akarudia kwa Kiswahili, nadhani alitaka na mimi nisikie.

"Mwiti, hii samaki inasikia baridi."

"Mama, stima itarudi saa kumi."

"Na huyu mtu inasikia baridi. Rudisha wao kwao. Wote wawili."

"Lakini mama, hii bahari nilikuletea wewe."

"Nimeona," bibi akasema. "Nimeona, mwanangu. Imetosha. Kitu ikikuja kunusa kidole yako, halafu inatetemeka, unaweza kula chakula?"

Mwiti alisimama pale mtu mzima, mwenye magari, akivunja majani ya mgomba vidoleni. Halafu akaniambia, bila kuniangalia, "Kahindi, utapanda na Muthomi. Kalete ile ndoo yenye kifuniko."

Mama Dama, ninakuja.

Muthomi anaondoka leo na barua hii, ataiacha Kilifi kwa yule mwenye duka la unga ikufikie. Safari yake inayofuata, ya Jumamosi, ndiyo yangu, naye ataendelea tena mpaka Malindi kwa hiyo atapita Kilifi Jumapili asubuhi. Nitakaa mbele naye, ndoo katikati ya miguu ambapo joto la injini linafika, pampu ya baiskeli mkononi. Muthomi ameshaanza kunitania kwamba abiria wangu atalipa nauli. Lakini nilimwona jana akiziba kwa matambara ule upenyo wa mlango unaoingiza upepo. Majani ya mgomba hatayagusa. Bibi ametoa shali yake ya sufu, ile anayoivaa kanisani, tufungie ndoo. Nilikataa, akanipiga kofi mkononi.

Nakuomba usinisubiri nyumbani. Shuka na Dama mpaka Kilifi, ufukweni pale feri ilipokuwa ikipakia watu kabla ya daraja. Samaki lazima awe wa kwanza, hawezi kungoja. Kumbuka pia, mimi na wewe hatujawahi kusimama pale pamoja, tulioana na kuzaa tukiwa karibu hivyo na bahari na hatukuwahi kuishukia. Imenibidi nipande mlima kuijua. Najua sasa inataka joto kiasi gani, chumvi kiasi gani, na kwamba haikubali kukaa sebuleni.

Nitaingia majini mpaka magotini, nitainamisha ndoo taratibu. Bibi ameniagiza nimwambie kaana kwamba yule mwenye kidole anamsalimu. Nitasema kwa Kimeru, hata nikikosea. Wewe mshike Dama mkono, msimame pale mchanga ulipo mkavu. Nikigeuka nataka umwachie mkono, umwache aje kwangu mwenyewe kwa miguu yake. Sina baiskeli, atanijua au hatanijua. Nitangoja.

Nisalimie mama, umwambie mgongo si mbaya kama nilivyoandika. Nisalimie kaka yangu Katana mchoma makaa, aache kuchukua jembe langu. Msalimie shangazi Sidi aliyekushika mkono siku ya kujifungua, na mzee Charo jirani mwenye punda, mwambie tutamhitaji Jumapili kutupandisha na mizigo. Mbusu Dama kwenye upele.

Ni mimi mumeo, mwenye mikono ya chumvi,

Kahindi