Mtihani Ambao Sikuufanya

Kariakoo

Mjukuu wangu Eliya,

Marahaba. Huku tu wazima. Mjomba wako amepata fremu Mtaa wa Msimbazi, anauza mapazia, na anavyoita wateja namsikia hadi jikoni.

Umeniuliza kuna ubaya gani mkuu wa chuo chenu, kwa kuwa ni mtu wa kwetu, akikupa kazi ya kufundisha bila usaili. Swali hilo nami ninalo siku nyingi, maana ndivyo nilivyoajiriwa.

Nilikuwa msichana, nimekwenda kuomba kazi ya kupiga chapa katika chuo kimoja hapa mjini. Tulikuwa wawili, mimi na dada mmoja wa Buguruni, kila mmoja na taipureta yake, tukingoja mtihani. Mkuu wa chuo akaingia, akasoma jina langu la ukoo, akanisalimu kwa kilugha. Nikaitikia. Akacheka, akauliza habari za baba, kisha akasema, "Wewe acha hiyo mashine, njoo ofisini."

Yule dada alibaki vidole viko tayari juu ya herufi.

Nilifanya kazi pale mpaka nikastaafu, na sifa nilipewa. Lakini kila nilipomaliza barua nilijiuliza: hivi yule dada angeipiga vizuri zaidi? Nimezeeka, sijui.

Sasa nami nikuulize: huko kwenu, nani kakaa pembeni yako anangoja?

Kaombe usaili, baba. Mimi najua utawashinda wote. Lakini mimi ni bibi yako, nimekupa kazi tangu hujazaliwa.

Bibi Ndekirwa