Mashine ya Kukuzia Picha na Uso wa Mama

Bungu, Kibiti
6 Julai 2025

Mpendwa mdogo wangu Saadi,

Asalamu alaykum. Uniwie radhi kwa kukaa kimya tangu Ramadhani. Natumaini u mzima huko Maskati na kifua hakikusumbui tena. Sisi hatujambo, isipokuwa mashine uliyoleta imenikondesha.

Uliileta bila karatasi ya maelezo. Nimeifunga mwenyewe, nguzo na lenzi, nikaziba madirisha ya chumba cha mbele kwa mablanketi, nikaweka kile kipande cha filamu chenye sura ya Mama alichotuachia marehemu Baba Mdogo Mwinyimvua. Wajua kwamba picha ya Mama iliyokuwa katika nyumba yetu ya kule Mkongo ilikwenda na mafuriko, na nyingine hatuna.

Kila nilipowasha taa, sura ilitua juu ya karatasi nyeupe mezani ikiwa na ukungu. Niligeuza filamu, nikapangusa lenzi, nikapandisha kichwa cha mashine na kukishusha. Mkwe wetu Haruna akanishauri tuipige filamu kwa simu yake. Nilimwambia akae na simu yake.

Kisha lori likapita barabarani nikiwa nimeinamia meza, na Mama mzima akatikisika juu ya karatasi. Kumbe kila gari lilipopita meza ilitetemeka, na kichwa cha mashine kikateremka kidogo kidogo. Nami siku zote hizo nilikuwa nailaumu lenzi yako.

Nikahamia chumba cha nyuma, mashine nikaiweka sakafuni. Nikazungusha lenzi taratibu mpaka nywele zikaonekana, unywele mmoja mmoja.

Nasema nywele, Saadi. Ushungi umemwangukia mabegani, naye anacheka. Katika filamu ndogo hatukupata kuliona hilo.

Nikamwita dada yetu Mwanawetu. Akakunja uso.

“Husseini, Mama hakutoka mlangoni kichwa wazi hata siku moja. Leo umtundike ukutani, wageni wamtazame?”

Nikasema nitaikata picha usawa wa paji la uso. Akauliza kama nataka kumkata mama yake kichwa. Nikasema basi nitaitia sandukuni. Akauliza, tabu yote hii ya nini? Nikachoka kabisa, nikanyoosha mkono nizime taa. Akanishika.

“Usizime kwanza.”

Tukakaa sakafuni tukimtazama, mpaka joto la taa likaikunja filamu na Mama akaanza kufifia. Ndipo nikazima. Karatasi ya kuchapia picha sijaigusa.

Nawe ni mtoto wake, toa kauli yako: tuichape picha hii au tuiache? Wasalimie Muzdalifa na Twalha. Mola awahifadhi ugenini. Sisi watatu tukishakubaliana, nitakuandikia siku hiyo hiyo.

Nduguyo akupendaye,
Husseini