Kamera Iliyoondoka Mapema

Mjukuu wangu Neema,

Papa Kambale, mwenye ukumbi wa kuonyesha mpira hapa Munigi, nje kidogo ya Goma, alisema jana kwamba mechi ya timu yenu itakuwa kwenye televisheni Jumapili, lakini yeye hataionyesha.

"Batu habaangaliake mupira ya bamama, Koko."

"Uliisha kubaonyesha siku gani?"

Akacheka. Mimi sikucheka.

Sisi ni wazima, na mama yako anakusalimu. Umeniuliza kama ni kweli watu hawataki kuwaona mkicheza. Jibu linaniaibisha. Nilipokuwa mwanahabari kijana wa televisheni, nilitumwa kwenye mechi ya wasichana mjini Goma. Tulifika mwanzoni, tukapiga picha ya viti vitupu, tukakimbilia mechi ya wanaume. Jioni nikatangaza kwamba hakuna aliyekuja. Kesho yake mama muuza samaki alinisimamisha sokoni.

"Tulifunga meza za samaki, tulikuya, kiwanja kikajaa. Kamera yenu njo haikukuwa, ilikuwa imeshaenda."

Tangu hapo nimesikia "watu hawataki" kila mwaka, kila mara kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kuwaonyesha. Nimechoka nayo, na zaidi kwa sababu nami niliieneza.

Leo nimerudi kwa Kambale na wauza samaki sita. Amekubali kipindi cha kwanza tu, halafu ataangalia viti ndipo aamue. Mechi ni Jumapili saa tisa. Mama hawa watafunga meza saa nane, na safari hii mimi siondoki mapema.

Koko wako