Maembe Kabla ya Kuku

Mama mpendwa,

Natumaini baridi ya Githongo imekuachilia kifua. Hapa Ishiara ni joto tupu.

Jana baba mkwe wa dada Makena aliingia nyumba hii yao mara ya kwanza tangu harusi. Tulikuwa tumechuja maziwa ya mala kwa kitambaa mpaka yakawa jibini laini, tukaipanga juu ya vipande vya maembe, kitu kidogo cha kufungua hamu huku kuku akiiva. Mzee alikula polepole, akamaliza, akasimama. “Tuombe,” akasema. Akamshukuru Mungu kwa chakula, akavaa kofia, akaenda. Kuku alikuwa bado jikoni. Lakini sala ya shukrani ikishaombwa, nani atamrudisha mzee mezani?

Asubuhi hii mzee amekuja na punda, akashusha gunia la ndengu mlangoni, akakataa kuingia. “Mngeniambia mapema kwamba hamna chakula,” akasema kwa upole. Makena analia mpaka sasa. Laiti tungeanza na kuku.

Jifunike vizuri, Mama. Baba akiuliza kama mzee alikula kuku, mwambie tulimpikia.

Wako Kendi